Bibi Alipowarudishia Watu Dua Zao

Harufu ya spiriti ikinifikia, hata iwe kwenye duka la dawa tu, mie hurudi mahali palepale: benchi refu la mbao, ukuta uliopakwa kijani chini na nyeupe juu, na Bibi ameushika mkono wangu kana kwamba mimi ndiye ninayekwenda kuchomwa sindano. Juzi nilimpeleka mtoto wa dada yangu kupata chanjo ya surua. Muuguzi alilowesha pamba, na kabla hajamgusa mtoto nilikuwa nimeshamkabidhi kwa mama mmoja wa foleni na kutoka nje. Kina mama walidhani naogopa sindano, wakacheka. Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi?

Tulikuwa tunaishi Kiwalani, mie, mama yangu na dada yangu, katika nyumba ya Bibi mzaa mama. Ndege zilipita chini sana juu ya bati letu. Zikipita, watu walikatisha maneno, wakangoja, kisha wakaendelea palepale walipoachia, hata kama ni ugomvi. Bibi aliitwa Zena, na mtaa mzima walimwita Bi Zena. Alikuwa mfupi, mpana, na alicheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Mie nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Wageni wakija nilijificha nyuma ya pazia, na shuleni mwalimu aliweza kumaliza muhula bila kuisikia sauti yangu. Bibi peke yake hakunisumbua kwa hilo. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wa huku wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kwa kuwa babu alikufa kabla sijazaliwa alikuwa akisema, "Mume wetu katuacha wajane wote wawili, na wewe hata eda hukukaa." Nilicheka kila mara, ingawa sikujua eda ni nini.

Jumapili moja alikuja mjomba Shabani, kaka yake mama, amevaa kanzu. Mjomba alikuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, Kurasini, na wakati ule mambo yalikuwa yamemnyookea. Alikaa kwenye mkeka mbele ya Bibi, akamwamkia upya kana kwamba hakumwamkia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mara mbili? Umeua mtu?"

"Mama, mwaka huu unakwenda Hija. Nimeshalipa."

Bibi alivuta kanga ya kichwani akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Mie nikadhani anacheka, nikacheka na mie kwa sauti. Mama akanifinya paja.

Kwetu mtu anayekwenda Hija hatakiwi kuondoka na mzigo wa mtu. Kama alimsema mtu, anakwenda kumwomba radhi. Kama ana ugomvi, anaumaliza, kwa sababu anaondoka kama anayekufa, hajui kama atarudi. Bibi alianza kupita nyumba kwa nyumba, na kila alikokwenda alinichukua. "Twende, mke mwenzangu, ujifunze kuingia kwa watu." Alikaribishwa, akapewa maji, kisha akasema, "Mie nasafiri. Nimekaa na nyie siku nyingi, haikosi kuna siku nimewaudhi. Nihalalishieni." Wakamjibu, "Tumehalalishiana, Bi Zena. Na wewe ukifika kule, tuombee." Hapo ndipo walipompa dua zao. Mmoja alitaka mwanawe apate kazi. Mwingine alitaka mumewe aache pombe. Binti mmoja alimnong'oneza sikioni haja yake, akakimbilia chumbani. Bibi hakujua kuandika. Dua zote alizitia kichwani, na jioni akiosha vyombo nilimsikia akizipitia, jina la mtu na haja yake, kama mtu anayewaita kuku wake waingie bandani mmoja mmoja.

Nyumba aliyoiacha mwisho ilikuwa ya jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Neema. Alikuwa Mkristo, mtu wa Bukoba, na hawakuwa wamesemeshana na Bibi tangu sijaanza shule, kwa sababu ya maji ya bafu lake yaliyokuwa yakipita mbele ya jiko letu. Tulimkuta anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Karibuni," alisema, lakini hakusogeza kigoda.

"Nimekuja kukuomba radhi," Bibi alisema akiwa amesimama vilevile. "Nakwenda Hija."

"Na mie Mkristo unaniomba radhi ya nini? Si uwaombe Waislamu wenzako?"

"Kwani maji yalikuwa ya Waislamu wenzangu?"

Mama Neema alimtazama, akajitahidi asicheke, kicheko kikamtoka puani. "Bi Zena, wewe mwanamke mbaya sana."

"Ndiyo maana nimekuja. Nilikuita mchafu mbele ya watu."

"Uliniita mchafu wa Bukoba. Ungesema mchafu tu, mbona ningekusamehe siku ileile. Bukoba ilikukosea nini?"

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Kigoda kikaja, ndizi zikapikwa, na kabla hatujaondoka Mama Neema alisema, akiwa ametazama sufuria, kwamba binti yake Neema, aliyeolewa Ukonga, alikuwa hajapata mtoto, na wakwe walikuwa wameanza maneno. "Kama huko kwenu mnapokea na za Wakristo," alisema, "basi niombee." Bibi alimjibu kwamba haja haina dini. Njiani kurudi, safari ya hatua chache tu, nilimsikia akiisema dua hiyo mara mbili ili isipotee.

Baada ya kumalizana na watu, Bibi alitaka kumalizana na Mungu. Alikuwa na deni la saumu, zile siku za Ramadhani ambazo alikula enzi za ujana wake kwa sababu ya mimba na kunyonyesha, na hakuwahi kuzilipa. Watoto aliwazaa wengi. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa na deni kama hilo na walilijua, lakini maisha yaliwapitisha. Sasa alitaka aondoke mwepesi. Shida ni kwamba Bibi alikuwa na kisukari, na Mama alipomwona amefunga alikuja juu.

"Mama, na sukari yako?"

"Sukari yangu naijua mie. Nafunga Jumatatu na Alhamisi tu."

Mama akaridhika. Alikuwa anatoka asubuhi kwenda kuuza vitambaa, anarudi usiku Bibi ameshafuturu, atajuaje? Mie nililala kitanda kimoja na Bibi na shule yetu ilikuwa ya zamu. Nilijua kwamba anafunga kila siku. Nilijua pia alivyofanya na vidonge. Hospitali walimwambia ameze asubuhi na jioni, baada ya kula. Yeye alivimeza vyote pamoja alfajiri, akisha kula daku, ili dawa ya siku nzima iwe imeshaingia na asiwe na sababu ya kufungua. Mie niliiona hiyo ni akili kubwa. Hakuniambia nifiche. Laiti angeniambia, ningeficha, maana kunyamaza ndicho kitu pekee nilichokiweza kuliko watoto wengine. Labda hakuniambia kwa sababu hiyohiyo. Hakufikiri kama kuna siku nitasema.

Kabla ya safari mahujaji walikusanywa kwenye ukumbi wa madrasa ili daktari awape ushauri wa afya. Bibi alinichukua. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani na hijabu ya kijivu, aliwaeleza juu ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo bila hiyo mtu hapati viza. Aliwaeleza kunywa maji hata bila kiu, kutembea na mwavuli, na kubeba dawa zao kwenye pakiti zake. Aliwaeleza wenye kisukari wasikae na njaa, na nakumbuka Bibi wakati huo alikuwa akiinama kufunga mkoba wake. Mzee mmoja alinyoosha mkono.

"Daktari, hiyo sindano haitengui udhu?"

"Haitengui, mzee."

"Na kama nikipiga kelele?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kisha daktari akasema jambo ambalo Bibi alilishika kuliko yote. Msinunue viatu vipya mkavivalia kule, alisema. Nunueni sasa, mtembee navyo mpaka mguu uvizoee. Kesho yake Bibi alinunua makubadhi ya soli nene ya mpira, na kila jioni kabla ya kufuturu tulitembea yeye na mie mpaka karibu na uzio wa uwanja wa ndege, tukarudi. "Viatu vizuri hivi," alikuwa akisema. "Sivisikii kabisa." Nilimfurahia. Sikujua kwamba mwenye kisukari cha siku nyingi anaweza kutousikia mguu wake mwenyewe.

Siku ya chanjo na vipimo ilipofika, mjomba alitupeleka kwa gari la rafiki yake. Mie nilikuwa na imani yangu kuhusu siku ile. Shuleni ukitaka kuingia darasa jingine unafanya mtihani. Chuoni ukitaka kupanda juzuu ustadhi anakuuliza, na mara nyingi huanza kwa kuuliza nani amefunga leo, na wanaonyoosha mikono husifiwa mbele ya wote. Kwa hiyo niliamini kwamba pale ndipo wanapochaguliwa watu wa kwenda Maka. Sindano ni alama ya waliochaguliwa, na daktari ndiye anayeuliza maswali. Niliwatazama wazee waliokuwa kwenye benchi na nikamwonea kila mmoja huruma, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumshinda Bibi.

Aliyechoma sindano alikuwa muuguzi mwanamume, mnene, mcheshi. "Haya, bibi, legeza mkono. Haiumi kama kuzaa."

"Wewe umezaa wangapi?" Bibi akamuuliza.

Benchi zima lilicheka, na muuguzi akacheka mpaka akaishikilia sindano mbali. Alimchoma, akambandika pamba, akamwandikia kadi. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Mjomba alitoka nje kupokea simu. Sisi tukaingia chumba cha pili, kwa yule daktari wa hijabu ya kijivu, na hapo niliona kwamba kanga ya Bibi imelowa jasho mgongoni, na mkono alionishika unatetemeka. Muuguzi wa humo alimchoma kidole, akatazama kimashine chake, uso ukabadilika. Alifungua friji ndogo akatoa juisi.

"Bibi, kunywa hii. Sukari imeshuka sana."

Bibi akafunga mdomo. Muuguzi akamsogezea tena. Bibi akageuza uso ukutani, jasho likimtiririka, macho yamekuwa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Anachanganyikiwa huyu," muuguzi alisema.

Daktari alichuchumaa mbele yangu. "Mama, uko na bibi yako? Yuko hivi siku zote? Mbona hataki kunywa?"

Niliona wanamfelisha. Walidhani ni mkaidi, walidhani ana wazimu, na kumbe hawakujua jambo kubwa kabisa juu yake. Hakuna mwingine chumbani aliyelijua.

"Amefunga," nikasema.

"Leo?"

"Kila siku. Analipa deni la Mungu. Na dawa anameza zote daku, ya asubuhi na ya jioni, ili asile mchana."

Sikuwahi kumwambia mgeni maneno mengi hivyo. Nilisimama pale nikingoja sifa.

Bibi aligeuza kichwa akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeguswa bega na mtu ambaye hakujua kama yuko nyuma yake. Daktari alimwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, mgonjwa ana ruhusa. Fungua, unywe." Bibi akafungua mdomo, akanywa yote bila kupumzika, kama watoto wanavyokunywa dawa chungu.

Baada ya robo saa alikuwa amerudi kuwa Bibi, ameona haya, anaomba msamaha kwa usumbufu. Nafikiri kama nisingesema, hatimaye kiu au woga ungemfanya anywe, wangedhani ni joto la foleni, na wangempa karatasi yake. Lakini daktari sasa alikuwa ameshajua kwamba huyu ni mtu wa kuficha. Alianza kumpima upya, taratibu, na alipofika miguuni akamwambia avue makubadhi. Aliinua mguu wa kulia, akautazama chini.

"Bibi, hiki kidonda kimeanza lini?"

"Kidonda gani?" Bibi akauliza.

Kilikuwa chini ya kidole gumba, chekundu, kimelowa. Bibi alilazimika kuushika mguu na kuugeuza ili akione, na alikitazama kama kidonda cha mtu mwingine.

Mjomba aliporudi daktari alimweleza. Sukari haijatulia. Mguu una kidonda na hausikii. Huko ni kutembea juani siku nyingi, ndani ya watu wengi. Mwaka huu hawezi kumpitisha. Akitibiwa vizuri, mwakani aje tena.

"Daktari," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "huyu ameshaaga. Ameshaaga mtaa mzima."

"Atawasalimia tena," daktari akajibu. Hakusema kwa ubaya.

Ndani ya gari mie nilikuwa bado sijaelewa. Nilimvuta Bibi ushungi nikamuuliza, "Bibi, umefaulu?"

"Nusu, mke mwenzangu. Sindano nimechomwa."

Nyumbani ndipo nilipoelewa, kwa sababu Mama alilia. Alilia kwanza kwa safari, kisha kwa saumu. "Kumbe ulikuwa unafunga kila siku? Mie niko humu ndani sijui, mtoto anajua?" Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, anazungusha funguo. "Lakini na huyu mtoto," alisema. "Siku zote bubu. Leo ndiyo kafunguka mdomo." Bibi alimkata hapohapo. "Shabani, mtoto kaulizwa kajibu. Ulitaka adanganye?" Mjomba akatoka. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mpaka leo naikumbuka rangi ya lile pazia kuliko uso wa mjomba siku ile.

Watu wazima walifikiri Bibi atajifungia ndani kwa aibu. Wako waliokuwa wameshaanza kumwita Hajati. Yeye alikaa siku mbili tatu na mguu wake umefungwa bendeji, halafu akaniambia, "Twende." Tulipita nyumba zilezile. Alitembea kwa kisigino, kwa fimbo, na kila nyumba alikaa na kusema, "Sijajaaliwa. Ile dua yako nimekurudishia, usije ukakaa ukingoja. Mtafute anayekwenda, umpe." Aliwatajia dua zao hasa, neno kwa neno, kama anayerudisha sufuria aliyoazima na kuonyesha kwamba haina tundu. Wengine walicheka kwa aibu wakasema, aa, Bi Zena, hiyo nayo inarudishwa? Baba wa yule kijana asiye na kazi aliondoka jioni ileile kumtafuta hujaji mwingine huko Temeke. Yule binti aliyenong'ona alipoiona fimbo ya Bibi mlangoni aliingia ndani, akatuma mdogo wake aseme hayupo.

Ni Mama Neema tu aliyekataa.

"Mie sirudishiwi," alisema. "Niombee hapohapo ulipo."

"Hapa si mahali pake, Mama Neema."

"Kwani kule Mungu anakaa na hapa anapita tu? Wewe ndiye umechanjwa mtaa mzima huu. Kama kuna mtu aliyejiandaa ni wewe." Alitaka achekeshe. Bibi alitabasamu, akamshika mkono, lakini mabega hayakutikisika. Na nilipochungulia uso wake njiani niliona kwamba dua ya Neema ndiyo iliyomwelemea kuliko zote, kwa kuwa ndiyo aliyoshindwa kuirudisha.

Siku mahujaji walipoondoka Mama alimshauri Bibi aende kwa mjomba, mbali na kelele. Alikataa. Alitandika mkeka uani, akakaa kutwa nzima. Ndege zilipita kama siku zote, kubwa na ndogo, na hatukujua ipi ni yao. Kila iliyopita Bibi aliinua kiganja kidogo, akakishusha. Watoto wa jirani walikuwa wakipunga mikono na kuimba. Nilitamani kuwafukuza, sikuthubutu.

Mwaka uliofuata kazi ya mjomba bandarini iliisha, na haikurudi tena kama ile. Kidonda kilipona, kikaja kingine, na mwaka mwingine Bibi alikatwa kidole. Hakuna aliyetamka tena neno Hija mbele yake. Alikufa kitandani kwake nikiwa nimeshamaliza darasa la saba, amenishika mkono, na hata siku hizo aliniita mke mwenzangu. Nimeshakutana na watu wenye elimu ya afya nikawauliza, na wote wameniambia kwamba daktari yule alifanya sawa, kwamba mtu wa hali ile angeweza kufia njiani. Naamini. Hicho ndicho kilichonikosesha wa kumlaumu. Siwezi kumlaumu daktari, wala Bibi, na hata mtoto aliyejibu swali simwoni kosa. Lakini naijua furaha niliyokuwa nayo nilipokuwa nasema yale maneno, nilivyosimama wima, na natamani angalau ningeyasema kwa huzuni.

Kuna siku moja ya mwaka uleule wa chanjo ambayo sijawahi kumsimulia mtu. Ni Siku ya Arafa, siku mahujaji wote wanaposimama pamoja kule uwandani kuomba, na sisi tuliobaki nyumbani hufunga ili tusikose kabisa. Mama alifunga, dada alifunga, mtaa karibu wote ulifunga. Bibi alikuwa amekatazwa. Mama aliniambia mie nisifunge, nikae naye, nihakikishe anakula saa ya dawa yake ikifika.

Nilimpelekea uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa kanga safi, redio imewekwa chini chini, mahujaji wanasikika wakiitikia kwa mbali kama mvua. Alikipokea kikombe akakiweka mapajani. Uji ukaanza kushika utando juu.

"Leo wenzangu wamesimama," alisema. "Na waliokosa kusimama wamefunga." Akautazama uji. "Mie niko wapi?"

Hakuniuliza mimi, nadhani. Lakini chumbani nilikuwa mimi tu. Nilitazama miguu yake, ile bendeji nyeupe. Aliuondoa utando kwa kijiko, akasema bismillahi, akaanza kunywa. Alikunywa mpaka mwisho, akakwangua chini, akameza kidonge chake. Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo, anamtaja Neema, binti wa jirani, na haja yake. Alimtaja huyo tu.

Akanirudishia kikombe. "Nenda kamwambie mama yako nimekula," alisema. "Wewe watakuamini."

Mama alikuwa uani anachambua mchele wa futari. Aliinua uso. "Amekula?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, dogo tu, na la kweli. Nikaitikia kwa kichwa, na Mama akaendelea kuchambua.